Kocha wa Nyuma ya Pazia

Sehemu ya Tisa

Bi Dolores alilivuta pazia.

Nyie mliokesha wiki nzima mkibishana kama angelivuta au asingelivuta, basi, amelivuta. Tena hakulivuta kistaarabu. Alilishika kwa mikono miwili akalinyofoa, na vile vipete vilivyolishikilia vikaruka huku na huko, kimoja kikatumbukia kwenye kikombe cha kahawa cha Odell.

Nyuma ya pazia, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwanamume wa miaka sitini na mitatu, kipara kinang'aa, koni ya mazoezi ya rangi ya chungwa bado iko mdomoni.

Bi Dolores akapiga yowe.

Mwanamume akaitoa koni mdomoni taratibu. Ilimwachia duara jekundu kuzunguka midomo.

"Habari za asubuhi, Dolly," akasema.

"Usiniite Dolly!"

Alikuwa Virgil Tackett. Mumewe wa zamani! Mtu ambaye jina lake lilikuwa marufuku kutajwa ndani ya jengo lile kwa miaka tisa.

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana kwa sababu jirani alilifungia samaki, mambo yako hivi. Bi Dolores Pawlak ndiye mwenye Korongo, timu yetu ya kikapu hapa Toledo. Aliirithi kwa baba yake pamoja na kiwanda cha matango ya siki. Kocha wake wa mwisho alikuwa na sura ya kuvutia na meno meupe, akapoteza mechi ishirini na mbili mfululizo huku akitabasamu. Bi Dolores alipomfukuza aliapa kwamba kocha ajaye atachaguliwa kwa masikio tu. Kila mwombaji angekaa nyuma ya pazia la bafuni lenye picha za bata, lililotolewa chumba cha wachezaji, na angejibu maswali kupitia koni ili hata sauti isijulikane.

Mwombaji namba moja alisinzia nyuma ya pazia akakoroma kwenye koni. Namba mbili alitaja takwimu kwa saa nzima bila kuvuta pumzi. Namba tatu alikuwa na sauti ya ng'ombe mwenye mafua, lakini ng'ombe yule alijibu kila swali barabara, mpaka Bi Dolores akaruka kitini na kusema, "Huyu! Nimempata! Sitaki mwingine!"

Sasa ng'ombe alikuwa amekaa mbele yake, na anamfahamu.

"Nimesikia ukisema hutaki mwingine," Virgil akamkumbusha.

"Nilikuwa sijakuona!"

"Si ndiyo maana ya pazia?"

Bi Dolores akageuka polepole kumtazama meneja mkuu wake, Odell Crenshaw, ambaye alikuwa akijaribu kukitoa kile kipete kwenye kahawa kwa kalamu.

"Odell."

"Bosi."

"Ni wewe uliyemleta."

"Haki ya Mungu si mimi!" Odell akasimama, kahawa ikamwagika kwenye tai. "Bosi, namba tatu aliandikishwa kwa jina la Bwana Clyde Hooper, mwalimu wa kikapu kutoka Kentucky. Nilipiga hata simu kwao. Akapokea mtu akasema Bwana Hooper ni kocha wa ajabu, anapenda watoto na wanyama."

"Nani aliyepokea?"

"Mtu mwenye sauti nzito sana…"

Sauti ile alikuwa anaijua. Aliisikia kila siku mazoezini.

Wote wakageuka. Ofisi za Korongo hazina kuta za kweli, zimegawanywa kwa mbao zisizofika darini. Na juu ya mbao hizo, kama mwezi mchanga, palikuwa na kichwa cha mtu. Lavonte Biggers, futi saba na inchi moja, mchezaji wetu bora, alikuwa amejificha upande wa pili. Alikuwa amejificha vizuri sana kuanzia mabega kushuka chini.

"Lavonte," akasema Bi Dolores, "tunakuona."

"Hamnioni," kichwa kikajibu.

"Njoo hapa!"

Lavonte akaja, ameinama ili asigonge taa. Ni jitu la kutisha kila timu nchini, lakini mbele ya Bi Dolores husimama kama mtu aliyevunja dirisha.

"Ndiyo, ni mimi niliyemwita," akasema. "Mama, usinikasirikie. Nilipokuja hapa nina miaka kumi na tisa, sijui hata kupika yai, Kocha Tackett ndiye aliyenifundisha. Kuzuia, kudaka mipira inayogonga pete na kurudi, na kupika yai. Wewe ulisema tuchague kwa masikio. Mimi masikio yangu yanamtaka huyu."

"Na kama sitaki?"

Lavonte akatazama viatu vyake, ambavyo viko mbali.

"Mkataba wangu unaisha saa sita kamili leo, Mama. Timu ya Boise wameleta ndege. Wamesema kiti chake kina nafasi ya miguu. Mimi sitaki kwenda Boise. Lakini sitaki tena kupoteza mechi huku kocha anachekea kamera. Nipe kocha nitakayemheshimu, nasaini papo hapo, miaka minne. Usiponipa, naondoka."

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi. Chini, kwenye ukumbi wa mikutano, waandishi wa habari walikuwa wameanza kugombea viti. Tangazo la kocha mpya lilikuwa saa sita.

Na sisi tunaoijua Korongo tunajua kwamba Lavonte akiondoka, hata wale watu elfu nne wanaokuja uwanjani kukimbia baridi ya nje tu hawatakuja tena.

Bi Dolores hakutetereka.

"Nampigia namba mbili," akasema. "Takwimu ni takwimu, lakini angalau sikuwahi kulala naye kitanda kimoja. Odell, piga!"

Odell akapiga, akaweka sauti ili wote wasikie. Namba mbili, Prescott Lyle, akapokea mara moja.

"Bwana Lyle, hongera!" akaanza Odell. "Tumekuchagua kwa asilimia mia."

"Asilimia mia hamsini na tatu nukta mbili," akajibu Lyle. "Ndiyo nyongeza waliyonipa Boise. Nimesaini dakika kumi na nane zilizopita. Na hivi sasa nimo ndani ya ndege, namsubiri mtu mmoja mrefu."

Simu ikakatwa.

"Namba moja!" akapiga kelele Bi Dolores.

"Bado amelala," akasema Odell. "Yuko kwenye kochi la mapokezi. Tumemfunika koti."

Virgil akawa anaigeuza geuza koni mikononi. Hakucheka. Watu waliomjua zamani wangeshangaa, kwa sababu Virgil wa zamani angecheka mpaka akaanguka.

"Dolly," akasema. "Samahani. Bi Pawlak. Kama hunitaki, nitaondoka kwa mlango wa nyuma na hakuna atakayejua. Nina timu yangu ya wasichana wa sekondari kule Bowling Green, wana mechi Jumamosi. Lakini kabla sijaondoka nikuambie jambo. Mechi mlizopoteza nimezitazama zote. Zote ishirini na mbili. Ile ya Milwaukee niliitazama nimesimama. Hii timu si mbovu. Imeachwa tu."

"Usinifundishe timu yangu!"

"Umenisikiliza saa mbili nikikufundisha timu yako. Ulikuwa unaandika!"

Kweli, daftari lilikuwa mezani, kurasa kumi na moja zimejaa. Bi Dolores akalifunika kwa kiwiko.

"Wewe," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa chini, ambayo ni hatari zaidi, "ulinidhalilisha mbele ya watu elfu kumi na nane."

Odell akafumba macho. Alijua kisa kile cha zamani kimefika.

Yaliyotokea miaka tisa iliyopita kila mtu wa Toledo anayajua, wengine waliyachapisha kwenye fulana. Mechi ya mwisho ya ubingwa. Zimebaki sekunde arobaini, tuko nyuma kwa pointi moja. Bi Dolores, kutoka kiti chake cha mwenye timu, akaandika kikaratasi, akakikunja, akakipitisha mkono kwa mkono mpaka kwenye benchi. Virgil akakipokea. Akatazama juu alikokaa mkewe. Halafu, kamera zote zikimwangalia, akakitia mdomoni, akakitafuna, akakimeza.

Tulishindwa kwa pointi moja. Asubuhi yake nguo za Virgil zilikuwa zimetandazwa kwenye barafu ya mto Maumee.

"Nilikosea," akasema Virgil.

Odell akafumbua jicho moja. Sentensi hiyo hakuwahi kuisikia kutoka kwa kocha yeyote.

"Nilikosea," Virgil akarudia. "Lakini na wewe, Dolly, mtu gani anamtumia kocha maagizo zimebaki sekunde arobaini? Niliona kikaratasi chako nikajua unaniambia nimtoe uwanjani yule mchezaji wetu Kovalenko. Ulikuwa humpendi Kovalenko tangu alipokanyaga kiatu chako."

Bi Dolores akamkazia macho.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijuaje? Ulikifungua?"

"Ningekifunguaje? Nilikuwa na hasira!"

"Kwa hiyo hukukisoma." Alikuwa amesimama sasa, mikono imeshika ukingo wa meza. "Miaka tisa, Virgil. Miaka tisa nimeamini ulikisoma, ndipo ukakitafuna."

Virgil akaacha kuigeuza koni.

"Kilisema nini?"

"Haikuhusu."

"Dolly. Nilikila. Nina haki ya kujua nilikula nini."

Bi Dolores akageukia dirishani. Nje theluji ilikuwa inaanguka juu ya uwanja wa maegesho, juu ya gari la televisheni, juu ya korongo wetu wa shaba ambaye mtu amemvisha kofia.

"Kilisema, 'Tushinde tusishinde, leo twende nyumbani pamoja. Nakupenda.'"

Halafu pakasikika sauti ya ajabu, kama puto linalotolewa hewa. Lavonte Biggers alikuwa analia. Alikuwa anajifutia machozi kwa pazia la bata.

"Na nusu ya pili?" akauliza Odell, kwa sababu Odell ni mtu wa kusoma mkataba mpaka mwisho. "Samahani, Bosi. Nilikuwa karibu yako siku ile. Kilikuwa na mistari minne."

"'Na mtoe Kovalenko,'" akasema Bi Dolores.

"NILIJUA!" Virgil akaruka juu, ngumi hewani. "Nilijua! Miaka tisa nawaambia watu!"

Na hapo, msomaji wangu, likatokea jambo ambalo jengo lile lilikuwa limelisahau. Bi Dolores alicheka. Kwanza kwa puani, akijizuia, halafu kwa mdomo, halafu ikambidi akae chini. Virgil naye akacheka mpaka akashika ubavu. Odell akacheka kwa woga, maana hakujua kama anaruhusiwa.

Walipotulia saa ilikuwa tano na nusu.

"Sijakusamehe," akasema Bi Dolores akipangusa macho.

"Sawa."

"Nina masharti."

"Yataje."

"Mazoezi saa moja asubuhi. Hutafanya matangazo ya dawa ya meno."

"Nitazame meno yangu, Dolly. Nani atanitaka?"

"Na ukipata kikaratasi kutoka kwangu, utakisoma kwa sauti mbele ya wachezaji wote."

"Hicho hapana. Vikaratasi hakuna kabisa. Ukiwa na neno, unaniambia baada ya mechi."

"Wakati wa mapumziko."

"Baada ya mechi."

"Mapumziko, tena kwa upole."

Virgil akafikiri. "Kwa upole kiasi gani?"

"Kama ninavyoongea na wateja wa matango."

"Nakubali," akasema, akanyoosha mkono.

Bi Dolores akautazama mkono ule kwa muda. Halafu akaushika. Kuna waliosema baadaye kwamba walishikana mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mkataba. Mimi naripoti tu.

Lavonte aliona mikono imeshikana, akarusha ngumi kwa furaha, akavunja taa ya dari.

"Nasaini!" akapiga kelele huku vigae vya kioo vikimwagika mabegani. "Iko wapi kalamu? Waambieni Boise warudi na kiti chao!"

Odell akamkimbilia mwanasheria wa timu, Bi Constance Yoder, mwanamke mwembamba ambaye hajawahi kuonekana akila wala akikimbia. Lakini safari hii Bi Yoder alikuwa anakuja mwenyewe, tena anakimbia! Alikuwa amebeba bahasha ya rangi ya kaki kifuani.

"Msisaini!" akasema mlangoni. "Mtu yeyote asisaini chochote!"

"Constance, tumebakiwa na dakika ishirini," akasema Bi Dolores. "Hutaki nini tena?"

"Nilikuwa najaza fomu ya ligi ya Bwana Tackett. Kuna sehemu inauliza hali ya ndoa. Nikasema niweke namba ya hati ya talaka, ili mambo yawe safi." Akainua bahasha. "Nimeongea na mahakama. Hati hiyo haipo."

"Imepotea?"

"Haikuwahi kuandikwa. Mlitakiwa wote wawili kufika mbele ya hakimu siku ya kusikilizwa. Hakufika mtu. Hakimu akalifuta shauri." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Bi Pawlak, Bwana Tackett, nyinyi ni mke na mume. Hamkuwahi kuacha kuwa."

Kipande cha mwisho cha taa kikaanguka sakafuni.

"Lakini wewe ulikwenda!" Bi Dolores akamwambia Virgil. "Nilijua utakwenda. Nikasema akienda mmoja inatosha."

"Mimi? Nilijua utakwenda wewe. Wewe ndiye mwenye hasira! Kwa nini hukwenda?"

"Nilikwama. Theluji ilikuwa imeziba barabara yote."

Bi Yoder akafungua bahasha, akasoma karatasi, akakohoa kidogo.

"Bi Pawlak, ilikuwa tarehe kumi na moja Juni."

Uso wa Bi Dolores ukawa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele.

"Na wewe?" akamgeukia Virgil haraka. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye gari," Virgil akasema. "Nje ya mahakama. Nilikaa saa nne. Nikasema ukifika nitaingia, usipofika siingii."

Odell, ambaye katika miaka ishirini ya kazi alikuwa ameona mifupa ikivunjika na mabingwa wakilia, alilazimika kugeukia ukuta.

"Yote hayo ni mazuri," akasema Bi Yoder, ambaye hakuyaona mazuri hata kidogo, "lakini kanuni ya ligi iko wazi. Mume au mke wa mwenye timu haruhusiwi kuwa kocha mkuu wake. Waliiweka baada ya… basi, baada ya kile kikaratasi. Tukimtangaza leo, tunanyang'anywa ushindi wote wa msimu."

"Tuna ushindi mara tatu," akasema Odell.

"Tutanyang'anywa hizo tatu."

"Kwa hiyo hakuna kocha?" Lavonte akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Kalamu ilikuwa bado mkononi, na saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika nane.

"Kuna njia moja." Bi Yoder akaweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Nimeongea na ligi. Watakubali makubaliano ya talaka yaliyosainiwa na wote wawili leo, kabla ya tangazo. Hakimu atamalizia wiki ijayo. Saini mbili tu, na Bwana Tackett ni kocha wa Korongo."

Chini ukumbini mtu alikuwa anapima kipaza sauti. Moja, mbili. Moja, mbili.

Bi Dolores aliitazama ile karatasi. Alimtazama Lavonte, aliyekuwa amesimama na vioo begani, amebana pumzi. Akafikiria wafanyakazi mia mbili wa uwanjani, na baba yake aliyeipenda Korongo kuliko matango.

"Ni timu," akasema, kana kwamba kuna mtu aliyembishia. "Lazima nifikirie timu."

Akachukua kalamu ya Lavonte, akasaini haraka sana, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka kwenye herufi ya mwisho. Kisha akaisukuma upande wa pili wa meza bila kuinua macho.

"Saini, Virgil. Ndiyo kazi uliyoitaka."

Virgil Tackett akaichukua kalamu. Miaka tisa aliingoja kazi ile. Miaka tisa alifundisha kwenye kumbi zinazonuka soksi, akitazama Korongo wakipoteza kwenye televisheni, amesimama.

Akasoma karatasi mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa.

Mlango ukafunguliwa. "Wako tayari," ikasema sauti ya mapokezi. "Kamera zinawaka. Nimwambie nani aingie?"

Virgil akaiweka kalamu mezani.

"Sisaini," akasema.